Dada Yangu Niliyemwita Mteja

Ninauza magodoro Bwiza, mtaa wa hapa mjini. Mtu akikuelekeza dukani kwangu atakuambia utembee mpaka uone magodoro yamesimamishwa barazani, ya bluu na ya maua, yakiwa bado ndani ya plastiki, na mwanaume mnene amekaa pembeni yake. Huyo mnene ni mimi. Nina duka hilo na jingine dogo karibu na soko, nina nyumba ya matofali yenye geti la chuma, mke ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wanne waliosoma. Katika mtaa wetu hayo yanatosha mtu kuitwa patron, na mimi niliitikia jina hilo tangu siku ya kwanza bila kuona aibu.

Parokiani waliwahi kuniita mara tatu nizungumze na vijana. Nilivaa koti, nikasimama mbele yao, nikawaeleza kwamba nilizaliwa kwenye tambarare ya Gatumba, baba akafa tukiwa wadogo, nikaja mjini sina kitu. Nikawaeleza nilivyokuwa naokota vipande vya sponji vilivyotupwa na mafundi wa viti, nikavikatakata, nikashona mito, nikaizungusha kwa baiskeli mtaa hadi mtaa. "Sikusaidiwa na mtu," niliwaambia. "Ni Mungu na hii mikono." Kisha niliinua mikono yenyewe waione, nao wakapiga makofi.

Baiskeli ile ilikuwa ya dada yangu.

Acha nieleze sawasawa, maana nimeshaieleza vibaya mara nyingi. Dada amenizidi miaka miwili. Baba alipofariki, yeye alikuwa ametoka kufaulu mtihani wa mwaka wa sita, na mimi nilikuwa nyuma yake, nafaulu kwa shida. Mama alituketisha kwenye mkeka akasema hawezi kusomesha wawili. Mimi nikaanza kulia. Dada alinitazama nikilia, akamwambia mama, "Acha aendelee yeye. Mi nitapita mupaka." Wiki iliyofuata alikuwa barabarani na wanawake wakubwa, anavuka kwenda Kongo na nyanya, anarudi na mafuta ya mawese. Bidoni, lile dumu la mafuta, aliibeba kichwani. Alifanya hivyo miaka yote niliyokaa shuleni. Hata leo katikati ya kichwa chake kuna mahali, upana wa kiganja, ambapo nywele hazioti tena, na ndiyo sababu hutamwona bila kitambaa.

Baadaye alipata baiskeli, akapumzisha shingo. Haukupita mwaka nikamwambia nataka kujaribu bahati mjini. Aliniletea baiskeli hiyo mpaka mlangoni, akaipangusa tandiko kwa kanga yake. "Muji ni mukubwa," alisema. "Utachoka na miguu." Yeye akarudi kubeba kichwani. Hakuniambia kwamba amerudia kubeba. Nilimkuta mwenyewe njiani siku moja, bidoni juu, mikono imeachwa huru, anatembea kwa hatua zile za haraka, nami nikampita nikipiga kengele na kucheka. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani anafurahi kuniona.

Aliolewa, mume akafariki, hakujaaliwa mtoto. Kwa hiyo watoto wangu wakawa wake. Walipokuwa wadogo alikuja kila mara na samaki waliokaushwa ndani ya beseni, na binti yangu mkubwa alikwenda kukaa kwake kila likizo, akirudi mweusi kwa jua, na anajua kupika maharage kuliko mama yake. Watoto walimwita masenge, kama tunavyomwita shangazi kwa Kirundi. Halafu biashara ikakua. Nikaanza kupokea watu wenye magari, na dada akija nilikuwa namwambia leo tuna wageni, njoo wiki ijayo. Yeye alielewa haraka. Alipunguza kuja, mpaka ikawa Krismasi tu, na hata Krismasi alikula jikoni na kuondoka mapema. Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba dada hapendi kelele za mjini.

Binti yangu mkubwa alipopata mchumba, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Baba wa kijana alikuwa amestaafu ukurugenzi katika ofisi kubwa. Alikuwa mrefu, mtaratibu, anaongea Kifaransa cha kitabuni, anaishi kwenye mitaa ya juu kilimani ambako unaliona ziwa lote. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa kumi, na Kifaransa changu ni cha kuuzia magodoro. Tangu siku ile nikawa kama mtu anayesubiri mtihani. Nilipaka rangi nyumba yote, nikanunua sahani mpya, nikawakataza watoto kuita sebule salo.

Wiki moja na nusu kabla ya siku ya mahari, mvua ilinyesha sana na mto Rusizi ukamwagika Gatumba. Watu walipanda juu ya meza, wengine wakalala barabarani. Nilimpigia dada, simu yake haikupatikana. Kutoka dukani kwangu mpaka Gatumba si mbali. Nina pikapu. Nilijiambia barabara itakuwa imejaa maji, nikajiambia atakuwa amekwenda kwa majirani, nikamwita fundi wa rangi kumwonyesha mahali ambapo rangi haikukamata vizuri. Siku mbili zilipita hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu baba wa kijana alikuja dukani. Hakuja kununua. Alisema alikuwa anapita, akaona atusalimie. Nilimpa kiti changu, mimi nikasimama, nikaagiza Fanta. Tulikuwa tunazungumza habari za mvua, yeye akisikitika kuhusu watu wa tambarare, nami nikisikitika pamoja naye, ndipo dada yangu alipotokea barazani.

Alikuwa na beseni kichwani, na ndani ya beseni sufuria, blanketi lililoloa na viatu vya kanisani. Matope yalikuwa yamemfika magotini na kukauka. Miguu ilikuwa mitupu. Alisimama kati ya magodoro, akijibana asiyaguse, akanitazama kwa tabasamu la mtu aliyefika.

Baba wa kijana alinyanyuka kwenye kiti kwa heshima. "Bonjour, mama. Pole sana," alimwambia, kisha akanigeukia. "Munajuana?"

Nilikuwa na muda wa kujibu. Sitaki mtu adhani neno liliniponyoka. Nilimtazama dada, nikatazama viatu vya yule mzee vilivyong'arishwa, nikasema, "Ni mama mumoja wa Gatumba. Muteja wetu wa zamani."

Dada alinisikia. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki kidogo kama lililosahauliwa usoni. Kisha akainamisha macho, akasema, "Ndiyo, patron. Nitapita nyuma, nisichafue." Akazunguka nyumba kwa hatua zake zile za haraka.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimkana, na yeye akanisaidia kumkana.

Yule mzee alikaa robo saa nyingine. Alipoondoka nilikimbia nyuma, nikamkuta dada amekaa kwenye kizingiti cha depo, ghala langu la magodoro, anasugua matope kwa ukuti. Nilimwambia pole. Nilimwambia yule ni mtu wa upande wa kijana, mambo bado ni ya hatari, na kwamba nyumbani kuna rangi mbichi, harufu itamuumiza kifua. "Kaa hapa depo siku mbili tatu," nilisema. "Magodoro ni mengi. Chagua utakalo." Halafu, nikiwa nimeshageuka kuondoka, nikaongeza, "Ila usiitoe plastiki."

"Sawa," alisema.

Alikaa depo siku tisa. Asubuhi ya siku ya pili nilifungua mlango mapema nikakuta amelala chini, kwenye maboksi yaliyofunguliwa, juu ya saruji. Magodoro arobaini yalikuwa yamepangwa kumzunguka mpaka karibu na dari. Nilimuuliza kwa nini. Alisema plastiki inapiga kelele akigeuka, tena aliogopa kuitoboa. Ningeweza kuchana plastiki ya godoro moja pale pale. Ningeweza kumpakia kwenye pikapu, nikampeleka nyumbani, nikamlaza kwenye chumba cha binti yangu, chenye kitanda na chandarua. Nilisema, "Basi tandika maboksi mengine, saruji ina baridi." Nikaenda kufungua duka.

Mke wangu nilimdanganya. Nilimwambia dada yuko salama kwa rafiki yake, anasubiri maji yapungue. Binti yangu aliponiuliza, "Papa, masenge atakuja siku ya mahari?" nilimjibu kwamba kifua kinamsumbua, tusimchoshe.

Kwetu siku hiyo haifanyiki bila shangazi. Ndiye anayemtoa binti ndani na kumleta mbele ya wageni, na upande wa pili humtazama yeye wakijua wanatazama damu ya baba. Nami nilikuwa nimeshapanga. Nilimwomba mke wa rafiki yangu wa parokiani akae kwenye nafasi hiyo, mama mwenye miwani ya dhahabu, anayejua kuzungumza. Nilimwambia kwamba dada yangu ni mgonjwa. Alikubali kwa moyo mzuri, akashonesha imvutano, lile vazi letu la sherehe, rangi ya maziwa.

Dada nilimwambia mwenyewe, pale depo, siku moja kabla. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Hakuniacha niyamalize.

"Nitasaidia kupika," alisema. "Maharage ya watu mia, nani atawapikia?"

"Hautachoka?"

"Kupika kunanichokesha lini?"

Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, nikihisi mzigo umenitoka. Alfajiri nilimpeleka mwenyewe kwenye moto wa nyuma ya nyumba, na mke wangu, aliyeshinda mbele na wageni, hakujua.

Sherehe ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Wasemaji wa pande mbili walitaniana, watu wakacheka, chungu cha pombe ya mtama kikaletwa na mirija yake, wazee wakainama wakanywa pamoja. Binti yangu alitoka ndani akiwa ameshikwa mkono na mama mwenye miwani. Nilimwona akitembeza macho kwenye viti vya mbele, kiti baada ya kiti, kisha akanitazama mimi. Nilijifanya naongea na jirani. Aliwasalimia wageni kama alivyofundishwa, akapiga magoti, akapewa baraka. Nilisimama kutoa hotuba. Nikasema tena ile ya mikono.

Chakula kilipoanza, baba wa kijana aliniomba mahali pa kunawa. Bomba la mbele lilikuwa na msongamano, nikamwonyesha njia ya nyuma bila kufikiri. Alipokawia ndipo nikakumbuka. Nilimfuata, nikasimama kwenye kona ya ukuta.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kigogo karibu na moto, imvutano yake mpya imegusa majivu, anakula kwenye sahani moja na dada yangu. Alikuwa analia na kutafuna. Yule mzee alikuwa amesimama mbele yao, mikono inadondosha maji.

"Huyu ni masenge wangu," binti yangu alimwambia. "Dada ya papa, tumbo moja. Yeye ndiye alimsomesha."

Dada alinyanyuka haraka, akafuta mkono kwenye kanga. "Mutoto anasema tu," alisema. "Mi ni wa kupika."

Mzee alikung'uta maji mikononi. Alimpa mikono yote miwili, akainama kidogo, kama anavyosalimiwa mtu wa kuheshimiwa. Kisha akageuka, akaniona kwenye kona.

Tulirudi pamoja mpaka uwani mbele. Nilikuwa natafuta la kusema kwa lugha yoyote. Alisimama kabla hatujafika kwa watu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, nadhani ili nielewe vizuri, "Siku ile dukani nilimusalimia dada yako kama muteja. Umenifanya nikose adabu mbele ya mama mukubwa wa nyumba hii."

"Munisamehe," nilisema.

"Si mimi," alisema, akaenda kukaa.

Hakulivunja jambo la watoto, na hakulitaja tena mpaka leo. Ila tangu siku ile akinisalimia, ananisalimia kama mtu anayefungua kitabu alichokwisha kusoma.

Mke wangu alijua yote kabla wageni hawajamaliza kuondoka. Hakupiga kelele. Alikwenda depo, akatazama maboksi, akarudi, akaniambia, "Nimeishi na wewe miaka ishirini na saba," na hakuimaliza sentensi. Binti yangu alimtaka masenge alale chumbani kwake. Dada alikataa. Alisema kuna mwenzake wa mpakani amepata chumba cha kupanga Kajaga, wataishi pamoja. Aliondoka na beseni lake lile lile, safari hii binti yangu akilibeba upande mmoja.

Nilimfuata Kajaga baada ya wiki. Nilipakia godoro kwenye pikapu, kubwa, la bei ya juu, nikalichana plastiki mwenyewe. Dada alinipokea vizuri. Chumba kilikuwa kimoja, kimefagiliwa, vitanda viwili vya miti. Aliligusa godoro, akalibonyeza kama wateja wanavyolibonyeza.

"Ni zuri sana," alisema. "Lakini halitaingia kwenye kitanda hiki."

Kweli halikuingia. Nilikuwa nimeleta godoro bila kujua ukubwa wa kitanda cha dada yangu. Tulilisimamisha ukutani, likaziba dirisha. Tukakaa kwenye gizagiza, na hapo ndipo nikaweza kusema. Nilimwambia nilimkana kwa sababu ya miguu yenye matope na kwa sababu ya mtu aliyekuwa amevaa viatu vizuri. Nilimwambia sina sababu nyingine. Nilimwomba anitukane.

"Mi sikukasirika," alisema. "Nilipofika pale dukani nikaona uso wako, nikajitazama. Nikaona ni kweli, niko muchafu. Nikaona haya. Njiani kote sikuwa naona matope. Nilikuwa ninasema, ninaenda kwa ndugu yangu."

Ningependelea matusi. Matusi yangebaki kwangu. Lakini aibu ilikuwa yangu, na niliifanya iwe yake, akaibeba siku tisa akilala juu ya saruji, akaibeba mpaka jikoni.

Harusi ya kanisani ilifanyika miezi mitatu baadaye. Dada alikaa benchi la mbele, akiwa amevaa imvutano ambayo binti yangu alimnunulia kwa mshahara wake mwenyewe, akakataa mimi nichangie hata uzi. Mama mwenye miwani alikaa nyuma yake, akamwinamia na kumtengenezea vazi begani. Watu walikuja kumsalimia mmoja mmoja. Wengi ni wateja wangu wa miaka mingi, na nilisikia zaidi ya mara moja wakiulizana kwa mshangao, kumbe patron ana dada?

Parokiani waliniita tena mwaka huu. Nilikwenda, nikaeleza habari kama nilivyoieleza hapa, mpaka kwenye plastiki. Hakuna aliyepiga makofi, na sikuyangojea. Kijana mmoja wa kike aliuliza, "Na yeye sasa anaishi wapi?" Nikamjibu, Kajaga. Akauliza, "Kwa nini si kwako?" Nikamwambia nimemwomba mara nyingi, hataki. Aliniangalia kama mtu ambaye hajaridhika, na alikuwa na haki.

Nimemtengenezea kitanda kinachofaa godoro lile. Mwenzake amehama, sasa chumba ni chake peke yake, na amefungua meza ndogo ya mawese na chumvi mlangoni, maana hawezi kukaa bure. Binti yangu alipojifungua, mtoto alipelekwa kwa masenge kwanza, kwangu baadaye. Mimi huenda kila Jumamosi alasiri. Tunaongea habari za mvua, za mama yetu, za bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wakati mwingine anacheka mpaka kitambaa kinalegea.

Lakini kila nikifika, kabla sijavuka mlango, yeye huwa ameshanyanyuka. Anatoa kile kiti chake kimoja, anakipangusa kwa kanga, mbele, nyuma na mahali pa kuegemea mikono, kisha anarudi hatua mbili na kunikaribisha, kama anavyokaribishwa mgeni mkubwa. Namwambia, "Dada, acha, mi ni mutu wa hapa." Anasema ndiyo, ndiyo, kaa. Na Jumamosi inayofuata anakipangusa tena.